Nani Alipiga Ngoma Kwenye Sahani ya Ami?

SUALI: Assalaam alaykum, Maalim wa Santuri. Marehemu ami yangu alikuwa baharia. Katika kasha aliloliacha hapa Wete mmetoka sahani moja ya jazi, ya wale wasiofuata mdundo wa kawaida, aliyoinunua Marseille: "A Jackson in Your House" ya Art Ensemble of Chicago. Wapigaji waliotajwa ni wanne: Lester Bowie, Roscoe Mitchell, Joseph Jarman na Malachi Favors. Mpiga dramu hakutajwa, lakini nikiiweka sahani nasikia ngoma nzito, matoazi, kengele na honi. Mwanangu katafuta kwenye simu, anasema mpigaji ni Don Moye, na anataka tumwandike kwenye jalada. Tumwandike?
Msomaji, Wete, Pemba

JAWABU: Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Msimwandike.

Mwanao hakukosea kusema kwamba Moye ni mpiga ngoma wa kundi hilo. Kilichomponza ni mwaka. Sahani ya ami yako ilirekodiwa Paris, Juni 1969, muda mfupi tu baada ya wale wanne kuwasili Ufaransa kutoka Chicago, nao waliwasili bila ya mpiga dramu. Moye walikutana naye huko huko Ulaya, na akaingia kundini 1970. Tangu hapo alikaa nao miaka mingi hata jina lake likaganda na la kundi, na watu wanaonakili orodha humrudisha nyuma mpaka kwenye sahani ambazo hakuzigusa.

Aliyepiga basi ni nani? Ni wao wote wanne. Bowie, mwenye tarumbeta, ndiye mwenye ngoma kuu na honi unazozisikia. Favors ni mtu wa besi, ila humo kapiga pia banjo na ngoma ya gogo la mti. Mitchell na Jarman, wapiga saksafoni, wamegawana kengele, gongo, filimbi, ving'ora na marimba. Wenyewe waliviita "vyombo vidogo", na walisafiri navyo vingi mno. Iweke tena sahani, ukae karibu na spika. Usitafute mkono mmoja unaoshika mdundo tangu mwanzo hadi mwisho, maana hutaupata. Kila tarumbeta inapolia, jiulize ngoma kuu iko wapi. Fanya hivyo mara tatu nne, utaanza kuwaona watu wakiinuka na kubadilisha vyombo.

Hawakuanza hivyo lakini. Kwenye "Sound" ya Mitchell, iliyorekodiwa Chicago Agosti 1966, walikuwa sita, na dramu ni za Alvin Fielder. Mwaka uliofuata kiti kikawa cha Phillip Wilson, lakini akaondoka 1967 kwenda kupiga na bendi ya bluzi ya Paul Butterfield. Agosti mwaka huo huo, wanne wa kwenye sahani yako walirekodi pamoja bila ya dramu, na kazi ile ikatoka kwa jina la Bowie peke yake, "Numbers 1 & 2". Mwaka 1968 akaitwa Robert Crowder kwa baadhi ya kazi za "Congliptious", ambayo jalada lake linasema Roscoe Mitchell Art Ensemble. Neno "of Chicago" liliongezwa Ufaransa. Kwa hiyo anayetafuta kazi zao za mwanzo kwa jina la kundi tu atazikosa karibu zote, kwa sababu zimelala chini ya jina la mtu mmoja mmoja.

Jambo jingine linalowapoteza wengi ni kuchanganya mwaka wa kurekodi na mwaka wa kutoka. Kuna sahani ya "Old/Quartet" iliyotoka 1975. Ukitazama mwaka huo utaapa kwamba dramu ni za Moye. Kumbe kazi zenyewe ni za 1967, na mpigaji ni Wilson. Mimi kila nikipata sahani, kitu cha kwanza kukitafuta ni tarehe ya studio.

Jambo hili linanigusa, na nitakwambia kwa nini. Nilipiga dumbak, ile ngoma ya mkono, kwenye klabu ya taarab hapa mjini miaka mingi. Safari moja tulikuwa na siku yetu ya kurekodi, na mpiga rika wetu, yaani lile dafu dogo lenye vitoazi, alikuwa kaenda msibani Pemba. Bahari ikachafuka, meli haikuondoka, mwenzetu akabaki huko. Nikaikamata rika mimi. Mwandishi wa klabu alipoandika majina aliyatoa kwenye daftari la mazoezi, akamtia yule aliyekuwa Pemba. Mpaka leo kanda ile ikipigwa, rika inasifiwa kuwa ni yake. Nami nikiisikia najua mkono ni wangu, kwa sababu rika ile ilikuwa na kitoazi kimoja kilichopasuka, kinatoa sauti kavu kila nikigeuza kiganja. Mwenzangu huyo, Mungu amrehemu, alikuwa akisifiwa mbele yangu hunioneshea kidole na kusema, "Muulizeni huyu." Wengi walidhani ni unyenyekevu.

Hata sahani za Siti binti Saad za Bombay, 1928, ni wangapi barzani wanaoweza kutaja Subeit, Mbaruk na Budda waliompigia vyombo? Sauti ya Siti haipungui kitu wakitajwa.

Ndiyo maana nasema Moye asipewe ngoma ya Juni 1969. Ana zake za kutosha, na ile ni jasho la Bowie na wenzake. Walipokosa mpiga dramu walijifunza kuishi bila yake, na sahani ya Julai mwaka huo, "People in Sorrow", inalionesha hilo vizuri kuliko zote: kazi moja ya dakika 40 hivi, upande wa kwanza na wa pili, watu wale wale wanne, na kengele ndogo zikifanya kazi ambayo mwengine angeiachia seti nzima ya dramu.

Jalada la marehemu msiliandike. Chukueni kipande cha karatasi, andikeni Paris, Juni 1969, kisha majina manne, na mbele ya kila jina vyombo vyake, ngoma na kengele zikiwemo. Kitieni ndani pamoja na sahani. Kisha mpekue tena kasha la ami. Ikiwa mna "Les Stances à Sophie", ile ya 1970 aliyoimba Fontella Bass, mkewe Bowie, wekeni "Thème de Yoyo" msikilize. Hapo dramu zinashika njia mapema na haziiachi, na karatasi ya sahani hiyo mwanao anaweza kumwandika Don Moye kwa wino.