Redioni Watakusikia, Mtandaoni Watakutafuta: Nilivyojenga Jina kwa Kuku wa Kienyeji

"Shikamoo dada, naomba ushauri. Ukurasa wangu wa Instagram hausogei, na kuna mtu anauza wafuasi elfu kumi kwa bei nafuu. Ninunue?" Ujumbe huo niliupata wiki iliyopita kutoka kwa kijana aliyehitimu masomo ya kilimo, ambaye anataka ajulikane kama mshauri wa kilimo cha mboga. Nilimjibu kwamba asinunue. Baadaye niliona kwamba jibu hilo halitoshi, kwa sababu wengi wenu mnatamani kile anachokitamani yeye, yaani watu wakizungumzia kazi fulani, jina lenu litajwe kabla ya mengine. Kwa upande wa kuku wa kienyeji mkoani Morogoro, mimi nimefika hapo, na sioni haya kulisema.

Nilipomaliza SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, sikuwa na mtaji wala mjomba katika chombo cha habari. Nilipata kazi katika duka la pembejeo za mifugo, na maswali ya wateja nikawa nayajibu jioni kwa kuandika maelezo mafupi kwenye WhatsApp. Mlango ulifunguka katika maonesho ya Nanenane. Kila mwezi Agosti waandaaji wa vipindi vya redio huzunguka mabandani wakitafuta watu wa kuhoji, na wataalamu wengi wakielekezewa kipaza sauti huanza kwa "kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu", wakaja kwa mkuu wa mkoa, wakaja kwa wadhamini, hadi muda unakwisha hawajasema lolote. Zamu yangu ilipofika nilisema: "Mama unayenisikiliza, ukiona kuku wamezubaa, wanaharisha kijani na shingo zinapinda, shuku mdondo, na mdondo hauna dawa. Chanja wale walio wazima: tone moja, jicho moja, kila baada ya miezi mitatu." Mwandaaji aliomba namba yangu papo hapo, na haukupita muda mrefu nikaitwa studio.

Kuna vijana wanaodhani redio imepitwa na wakati. Hao hawajawahi kupokea simu za wasikilizaji kutoka Gairo na Ifakara zikipishana, kila mmoja akiwa na banda lake na msiba wake. Mzee mmoja alilalamika hewani kwamba chanjo ni ya uongo, kwani aliichanganya na maji akawanywesha kuku wake na bado walikufa. Nilimuuliza maji aliyoyatumia yalikuwa ya wapi, akasema ya bomba. Nikamweleza kwamba klorini inayowekwa kwenye maji ya bomba huua virusi hai vilivyomo kwenye chanjo, kwa hiyo aliwanywesha maji matupu. Mtangazaji alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo hata mimi nilikuwa siijui." Dakika ile ilinipa heshima ambayo video zangu zote za kabla ya hapo hazikuwahi kunipa.

Siku hiyohiyo mtangazaji alinitambulisha kama "daktari". Nilimsahihisha palepale kwamba mimi ni mtaalamu wa mifugo na si daktari, kwa maana tuna Sheria ya Veterinari ya 2003, na madaktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari. Wapo walioniambia kwamba nimejishusha. Ukweli ni kwamba madaktari wawili waliokuwa wakisikiliza walianza kunielekezea wafugaji wanaohitaji mafunzo, jambo ambalo wasingelifanya kwa mtu aliyejivika cheo chao.

Sasa angalieni mahali ambapo mtandao unaingia. Ukialikwa redioni kama mtaalamu hutaruhusiwa kutaja namba yako ya simu wala bei zako, kwa kuwa hayo ni matangazo ya biashara na utaambiwa uende idara ya masoko ukalipie. Msikilizaji anabaki na jina lako tu, na akilitafuta akakuta kurasa nne zenye majina manne tofauti, picha ya harusi na nukuu za kutia moyo, umempoteza. Kwa hiyo jina langu ni moja Facebook, Instagram, TikTok na YouTube, picha ni moja, na kabla ya kila kipindi huweka juu kabisa video inayohusu mada ya siku hiyo. Baada ya kipindi huomba rekodi na ruhusa ya kuitumia. Rekodi hiyo ndiyo ninayomtumia mwandaaji mwingine ninapoomba nafasi, nayo husema mengi kuliko wasifu wa kurasa tatu.

Gazeti nalo lina kazi yake. Ofisi za halmashauri na miradi ya wafadhili hazitaajiri mkufunzi kwa sababu ya TikTok, lakini makala yako ikichapishwa gazetini, kipande chake ukakiambatanisha na barua ya maombi, barua hiyo husomwa.

Nisingependa mdhani kwamba njia ilikuwa laini. Kituo kimoja cha televisheni, ambacho sitakitaja, kilinisafirisha hadi Dar es Salaam kurekodi vipindi vya majaribio, kikanisifu, kikakaa kimya. Nilipouliza niliambiwa kwamba wafuasi wangu ni wachache. Kipindi kilipoanza kurushwa, aliyekuwa akikiendesha ni mtu aliyewahi kukaa darasani kwangu, na katika sehemu ya kwanza kabisa alisema "tone moja, jicho moja" kana kwamba ni maneno aliyoyaota mwenyewe. Nililia, na nikisema kwamba limeisha moyoni nitakuwa ninawadanganya. Kilichonipa faraja ni maoni yaliyokuwa chini ya video ile, kwani wafugaji wa Morogoro walijaa pale wakimuuliza kwa nini anatumia maneno ya dada wa redioni.

Hapo ndipo ninapowasihi muache kutafuta kiki. Kugombana hadharani, kukodi gari la kupigia picha na kununua wafuasi wasiofuga hata bata havikuletei mteja. Shikeni jambo moja, tena jembamba, mlirudie hadi watu walichoke, kisha mlirudie tena. Wala msiegemee mtandao mmoja. Mtandao wa X ulipozuiwa nchini Mei 2025, wapo waliopoteza usiku mmoja hadhira waliyoikusanya kwa miaka. Millard Ayo, ambaye kila mmoja wenu anataka kumfuata, alijulikana kupitia Clouds FM kabla jina lake halijawa chombo cha habari mtandaoni. Alitoka redioni akiwa na watu wanaoijua sauti yake. Na kama ukurasa wako unaelekea kuwa wa habari, someni kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, imekuwa ikizisimamia tangu 2018 na ambazo zimerekebishwa zaidi ya mara moja.

Swali la fedha huulizwa kwa kunong'ona, nami nitalijibu kwa sauti. Redio haimlipi mgeni wa kipindi. Ukipewa nauli shukuru. Fedha yangu hutoka kwenye mafunzo vijijini, vifaranga, na kampuni za vyakula vya mifugo zinazotaka kusimama karibu na jina langu. Si kila anayetaka kusimama hapo ninamkubalia. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja aliniletea chupa za dawa zilizoandikwa kwamba zinatibu mdondo, pamoja na kiasi ambacho kingenilipia pango la mwaka mzima, akitaka nizishike tu mbele ya kamera. Nilikataa. Alimpata mwingine mwenye wafuasi wengi kuniliko, tangazo lile bado lipo mtandaoni, na hadi leo wafugaji hulituma kwangu wakiniuliza kama ni kweli.