Jibu: Wanafunzi kuwapa walimu alama mtandaoni bila majina, ni haki?

Mkuu, umeuliza kama ni haki wanafunzi kuwapa walimu alama bila kujitaja. Hata mahakama hazikubaliani: mwaka 2008 mahakama ya Paris iliiamuru note2be, tovuti ya wanafunzi kuwapa walimu alama, iondoe majina ya walimu, ila mwaka 2009 mahakama ya juu ya Ujerumani ikairuhusu spickmich, tovuti kama hiyo, iendelee.

Kwangu kasoro kubwa ni wastani. Mwalimu aliyepewa 4 na wanafunzi wote wanne, na yule aliyepewa 5 na watatu kisha 1 na mmoja mwenye hasira, wote wanasomeka 4 kati ya 5! Onyesha mgawanyo wa alama, na usichapishe kitu kabla kura hazijafika kama 10. Hata hapo, tovuti iliyo wazi huvuta waliopenda sana na waliochukia sana. Wa katikati hawajisumbui.

Ukiuliza "ni mwalimu mzuri?" utapima umaarufu tu. Uliza "hurudisha kazi zilizosahihishwa ndani ya wiki mbili?" Kusanya majibu kabla ya matokeo ya mitihani kutoka, kila mwanafunzi akitumia msimbo wa mara moja usiohifadhiwa pamoja na jibu lake. Darasa likiwa la watu wanane, ondoa sehemu ya maoni kabisa, maana mwalimu atamjua mtu kwa uandishi wake.