Barua kwa mwanangu: habari ya kikapu cha uwele

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema jumuiya yenu huko Dar imewaomba mtoe ushuhuda wa ukoo, nawe hutaki kusimama mbele za watu useme uongo, kwa hiyo unauliza kama ni kweli bibi yangu mimi aliuzwa kwa kikapu cha uwele wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo. Kaka yako naye kakuvuruga, eti lilikuwa debe la mahindi. Debe la mahindi, Ugogo, mwaka 1918! Huyo uwele ameuonea sokoni.

Kikapu kilikuwepo. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilitumaliza kabla ukame haujaanza. Mjerumani alichukua ng'ombe na nafaka, akachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Mwingereza alipoingia Dodoma mwaka 1916, naye akataka vilevile. Mvua ilipokataa, ghala zilikuwa tupu tayari, na mpaka kufika 1920 Ugogo ilikuwa imezika watu kwa maelfu. Baba yake bibi alikwenda na mizigo ya jeshi, hakurudi. Mama yake akashika njia ya Kondoa na watoto, akamwacha bibi katika nyumba ya Warangi, akapewa uwele, akageuka na wale wadogo. Hayo umekua nayo.

Usilolijua ni la kanisani.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini na Operesheni Dodoma, na ule ukame wa 1974 umetukalia. Tunakula unga wa njano wa msaada, tukiuita Yanga. Jumapili moja mwinjilisti akasema wenye ushuhuda wasimame. Huyu akashuhudia ameacha pombe, yule ametupa hirizi. Bibi naye akainuka, akakaza kaniki yake, akaanza na Mtunya. Alisimulia vizuri, mwanangu, polepole, kama alivyokuwa akitusimulia jikoni. Alipofika tu kwenye kikapu, mwinjilisti akamkatiza: "Bibi, tunataka ushuhuda wa Bwana. Habari za njaa tutaongea nje." Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka ninawakumbuka kwa sura. Bibi akakaa. Nje hakuna aliyemuuliza.

Unajua nitasema nini, na utanisikia tena: Mungu hakuteremka na treni stesheni ya Dodoma. Wamisionari walipofika Mpwapwa miaka ya 1870, kabla hata ya hiyo reli, walikuta watu wanamtaja Mulungu na kumlilia mvua. Huko Kolo, kwenye majabali yenye michoro ya kale, mpaka leo wako wanaopanda kwenda kuomba. Sikutumi huko, mimi ni mtu wa kanisa na nitazikwa na kanisa. Ninachosema ni kwamba kama Mungu alikuwepo Ugogo siku zote, basi alikuwepo na mwaka ule wa kikapu, na mtu aliyekuwepo naye anasimulia njaa kwa sababu ndiko walikokutana.

Fungua Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli amebeba kikapu cha malimbuko, amefika mbele ya kuhani. Anaambiwa aseme nini? Aseme habari za babu yake aliyekuwa karibu kupotea, walivyoshuka Misri wakiwa wachache, walivyoteswa. Njaa na utumwa, mbele ya madhabahu, na kuhani hamkatizi!

Halafu usiku najibishana mwenyewe. Huenda mwinjilisti alikuwa anaangalia muda, maana bibi akianza hamalizi. Au huenda kwao pia kuna mtoto aliyeachwa mahali mwaka ule, na yeye hakurudishwa. Nyumba nyingi zilikuwa na jambo hilo na hazikulisema. Labda hakuwa anamkatiza bibi, alikuwa anajiziba masikio. Nikifika hapo namhurumia. Kisha nakumbuka kile kicheko, huruma inakwisha.

Jioni ile mama yangu alimuuliza bibi: "Sasa hapo kwa Warangi, Mungu alikuwa wapi?" Bibi alikuwa anachambua mlenda, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Siku ya kwanza yule mama alinipakulia peke yangu, kama mgeni. Siku ya pili akanisogeza kwenye chungu kimoja na watoto wake. Hapo ndipo nilipomwona." Kisha akatuambia tulete kuni.

Ndiyo, lakini aliuzwa? Mvua ziliporudi mama yake alikwenda kumchukua, na alikwenda na mbuzi. Kama alimuuza, mbona alirudi? Kama hakumuuza, mbuzi alikuwa wa nini? Bibi mwenyewe siku nyingine alisema ni wa shukrani, siku nyingine ni wa kumkomboa, ilitegemea ameamkaje. Mimi nina jibu langu. Nilikuwa nalo moja nikiwa msichana, na nilipomzaa kaka yako likageuka likawa jingine. Nimeliandika hapa mara mbili na kulifuta. Aliyekuwa na haki ya kulisema alikatizwa akiwa katikati, sasa mimi nani wa kummalizia?

Ila ukisimama huko, kikapu usikiruke, hata kiongozi akianza kutazama saa. Na mbuzi mtaje. Na yule mama wa Kirangi mtaje kwanza, ingawa jina lake bibi hakutuachia, na hilo ndilo ninalomlaumu.

Msalimie mkwe wangu. Mkija na SGR nipigie mapema, nitafute mtu wa kuja kuwapokea.

Mimi mama yako