Mwanangu, usukani una zamu

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Ngamiani, Tanga, hatujambo, mama yako magoti yamempa nafasi kidogo wiki hii. Simu ya Ijumaa ilikatika kabla sijakujibu, na jambo lenyewe halijibiki kwa dakika mbili, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulisema mlibishana kazini huko Dodoma. Paul Biya wa Kameruni alitangazwa mshindi tena Oktoba 2025, akiwa na miaka 92, na muhula wao ni wa miaka 7. Wewe ukasema ingefaa sheria iweke umri ambao mtu akiufikia hagombei tena. Mwenzio akakujibu kwamba kugombea ni haki ya raia, na kumzuia mtu kwa uzee wake ni kumbagua, sawasawa na kumzuia kwa kabila lake. Ukakosa la kusema. Kisha ukaniuliza nani kati yenu mwenye haki, na wazee hao wakishatolewa waende wapi.

Mwenzio ana neno, usimbeze. Mandela aliapishwa Mei 1994 akiwa na miaka 75. Lau wenzetu wa Afrika Kusini wangeandika kwamba mwisho ni 70, wangemkosa mtu waliyemhitaji kuliko yeyote. Naye alikaa muhula mmoja, mwaka 1999 akaaga. Kwa hiyo mimi sihangaiki sana na cheti cha kuzaliwa. Nauliza mtu ameketi kitini miaka mingapi. Sababu yangu niliipata baharini, na hujapata kuisikia kwa kuwa niliona haya kuisimulia mbele ya watoto.

Unajua nilikuwa nahodha wa jahazi moja kwa miaka 19. Tulipakia vitunguu na viazi vya Lushoto kwenda Wete, tukarudi na nazi na mikungu ya ndizi. Miaka ya mwisho mtoto wa jicho alikuwa ameshaniingia macho yote mawili nami sina habari. Taa ya mbali nikiiona imezungukwa na duara, nasema ni umande. Na safari ya kurudi Tanga, jioni, jua linakuwa usoni kabisa, maji yote yanang'aa kama bati jipya. Karibu na mlango wa bandari kuna fungu la mchanga ambalo maji yakipwa hubaki kina kidogo tu. Nilikuwa nikilikwepa kila safari. Nilijiona nahodha hodari.

Tulikuwa na kijana mpishi mwenye sauti nzuri. Kila jioni tukikaribia nyumbani alikuwa akienda kusimama omo, mbele ya chombo, na kuimba. Nilidhani anafurahia kufika. Siku moja tulimwacha Wete ana homa. Jioni ile nimeshika kana ya usukani, chombo kinakwenda vizuri, kimya, mara nikasikia ubao wa chini ukikwaruza, jahazi likasimama kama limeshikwa mkono. Tulikaa pale hadi maji yalipojaa, karibu na usiku wa manane. Hakuumia mtu. Ndizi zilichubuka, basi.

Usiku ule, tumekaa tumeinamia upande mmoja, serahangi wangu, msimamizi wa mabaharia, ndiye aliyenieleza, na aliniambia huku akitazama chini. Mwaka mzima walikuwa wanajua sioni. Walipanga wao kwa wao: kijana akiimba, maana yake fungu liko mbele, na mimi kwa mazoea nilikuwa nikisikia ule wimbo nasogeza usukani bila kujua kwamba nasogeza. Akinyamaza, njia ni nyeupe. Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia? Akasema, "Nahodha, nani angekuambia?"

Neno hilo sijalisahau. Wale watu niliwaajiri mimi. Wawili niliwachangia mahari. Mmoja jina la mwanawe wa kwanza ni langu. Hawakuwa wanafiki, Zuhura. Walinipenda, waliniheshimu, na heshima yao ilikaribia kutuzamisha sote. Macho yangu yalikuwa na ugonjwa, na ugonjwa una daktari. Lakini masikio yangu yalikuwa yamezeeka kwa sababu ya kukaa pale tezi, nyuma ya chombo penye usukani, miaka 19 bila mtu wa kuniambia nimekosea, na ile haina miwani.

Ndivyo ninavyowatazama wakubwa wa nchi. Kiongozi wa miaka 50 aliyeketi miaka 30 ni mzee kuliko wa 75 aliyeingia jana. Waliomkatalia mwanzoni wameshaondoka au wameshaondolewa. Waliobaki wote wamekua chini yake, vyeo vyao kawapa yeye, na kila mmoja amejifunza wimbo wake. Mugabe alitawala Zimbabwe tangu 1980. Novemba 2017, ana miaka 93, wanajeshi wake mwenyewe ndio waliomfikisha pa kujiuzulu. Sidhani siku ile ndiyo waliyoanza kuona.

Sasa hii haki anayoisema mwenzio. Katiba yetu ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na hiyo naitetea hadi kaburini. Lakini itazame vizuri: haki yako inaishia kwenye kuomba. Kiti chenyewe ni amana. Sisi tuliosoma zamani tulikuwa tukikariri ahadi za TANU, na moja ilisema cheo ni dhamana. Dhamana ina mwenyewe, naye anaweza kuidai wakati wowote. Ukiniwekea fedha zako nikakaa nazo miaka kumi, siku unazitaka siwezi kukuambia umeninyima haki yangu.

Na hakuna kizuizi cha ajabu hapo. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 39, inataka mgombea urais awe ametimiza miaka 40. Wewe una 31, hujanipigia kulia kwamba umebaguliwa. Mama yako alikabidhi chaki alipotimiza 60. Jaji wa Mahakama Kuu naye ni 60, wa Mahakama ya Rufani 65, na hao tumewapa kuamua mambo ya kufa na kupona. Ikiwa umri si tusi kwa jaji na mwalimu, sioni kwa nini uwe tusi kwa mwanasiasa. Kwa hiyo ukomo wako wa umri siukatai. Nasema tu kufuli kubwa si hilo. Kufuli kubwa ni ibara ya 40, inayosema mtu hachaguliwi kuwa Rais zaidi ya mara mbili.

Tazama mlango upi unavunjwa kwanza. Uganda waliondoa ukomo wa vipindi mwaka 2005. Ukomo wa umri wa miaka 75 ukafuata 2017, Museveni akiwa na 73. Kameruni waliondoa ukomo wa vipindi mwaka 2008. Mwizi akiingia nyumbani, angalia amevunja dirisha gani, utajua ni lipi lililokuwa likimzuia.

Mwenzio atasema: na wananchi wakimtaka bado, je? Swali zito, nami nimelilalia usiku mbili. Mkameruni mwenye miaka 40 leo alizaliwa Biya ameshaingia Ikulu, maana aliingia Novemba 1982. Hajawahi kuonja rais mwingine. Huyo ukimpa karatasi ya kura, analinganisha kitu gani na kitu gani? Haki yake ya kuchagua inataka angalau mara moja maishani ashuhudie kiti kikipokezana, aone nchi haikupasuka. Sisi tulishuhudia. Mwaka 1985 Nyerere alitoka akiwa na miaka 63, na kuchoka alikuwa hajachoka: aliendelea na uenyekiti wa chama hadi 1990, na mwaka aliofariki, 1999, bado alikuwa akisuluhisha Warundi. Nakumbuka watu walivyohofia. Asubuhi ikafika, meli zikashusha mizigo bandarini kama jana yake.

Na lile swali lako la pili, wazee waende wapi. Mzee Ali Hassan Mwinyi alimaliza vipindi vyake viwili vya urais mwaka 1995, akafariki Februari 2024 ana miaka 98. Zaidi ya miaka 28 alikuwa mzee miongoni mwa wazee. Alipiga kura, alisema alilotaka kusema, aliswali, alizikwa kwa heshima zote za taifa. Muulize mwenzio anitajie haki gani aliyonyang'anywa mzee yule.

Mimi nilikabidhi usukani wiki ile ile tuliyokwama. Baadaye nikapasuliwa macho, nikaona rangi za kanga za mama yako kama nimezaliwa upya, na kusema kweli nilitamani kurudi. Nilikwenda hadi pwani kumwambia mwenye chombo. Nikamkuta yule kijana mpishi, ambaye sasa ndiye nahodha, anawafokea wapagazi kuhusu namna ya kupanga magunia, na alikuwa na sababu. Nikamsalimu, nikarudi nyumbani.

Alipokufa shangazi yako kule Wete, nilivuka na nahodha yule kijana kwenda kuzika. Wakati wa kurudi nilikaa karibu na kana, jua usoni kama siku zote, maji yanapwa. Fungu nikaliona mapema, weupe wake chini ya maji, nikanyanyua mkono nimwonyeshe. Alikuwa ameshageuza chombo.

"Nimeliona, mzee," akasema, akanisogezea kikombe cha kahawa.

Mama yako anakusalimu. Likizo njoo na watoto.

Ni mimi baba yako.