Minara ya San Siro: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona kwamba hujaacha desturi yako ya utotoni ya kuuliza jambo hadi ulifikie kiini chake. Umeniuliza iwapo ile minara ya mviringo inayouzunguka uwanja wa soka wa San Siro, mjini Milan, Italia, ni pambo tu au ina kazi, na kwa nini uwanja wenye sifa kama ule unataka kubomolewa. Maswali hayo mawili nitayajibu pamoja, kwa sababu la pili limejificha ndani ya la kwanza.

Minara ile si pambo hata kidogo. Ndiyo iliyobeba tabaka la tatu la majukwaa, na minne kati yake imebeba paa pia. Uwanja wa kwanza, uliofunguliwa tarehe 19 Septemba 1926, haukuwa na mnara wowote. Uligharimiwa na Piero Pirelli, aliyekuwa rais wa klabu ya Milan, na ulichorwa na mhandisi Alberto Cugini pamoja na msanifu Ulisse Stacchini, yule yule aliyesanifu kituo kikuu cha reli cha mji huo. Uamuzi wao ninaouheshimu kuliko yote ni kwamba hawakuweka njia ya riadha kuzunguka nyasi. Walisimamisha majukwaa manne yaliyonyooka, kila moja peke yake, karibu kabisa na mistari ya uwanja, yakachukua watu wapatao 35,000, na mtazamaji akaweza kumwona mchezaji usoni. Siku ya ufunguzi wenyeji walifungwa na Inter, klabu nyingine ya mji huo, mabao 6 kwa 3. Mwaka 1935 manispaa iliununua uwanja, baadaye kona zikazibwa ili majukwaa yaungane, na mwaka 1947 Inter nao wakahamia hapo.

Sasa tazama kilichofanyika mwaka 1955, maana hapo ndipo ubunifu wenyewe ulipo. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi, lakini mafundi hawakulivunja jukwaa la zamani. Walijenga tabaka la pili kwa nje, likalizunguka na kulifunika la kwanza kwa juu. Kuwafikisha watu huko, walizungushia jengo zima njia za mteremko za zege, zinazopanda taratibu upande mmoja baada ya mwingine. Ile mistari mirefu ya mlalo unayoiona kwenye picha za San Siro ndiyo njia zenyewe. Anayesimama nje kabla ya mechi huona vichwa vya mashabiki vikipanda polepole nyuma ya kingo za zege, safu juu ya safu, kana kwamba ukuta wenyewe unatembea. Sijui jengo jingine la michezo linaloonyesha kazi yake waziwazi namna hiyo.

Minara ilikuja kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1990. Tabaka la tatu lisingeweza kuwekwa juu ya lile la mwaka 1955, kwa hiyo ilijengwa minara 11 ya zege kuuzunguka uwanja, kila mmoja ukiwa umevishwa njia ya kupandia inayojizungusha kama nyoka. Minne ya kwenye kona ilirefushwa kupita mingine ili ishike mihimili mikubwa ya chuma, iliyopakwa rangi nyekundu, ambayo paa linakaa juu yake. Upande wa mashariki hauna tabaka la tatu, kwa kuwa uwanja wa mbio za farasi ulikuwa karibu mno na nafasi haikutosha. Ndiyo maana uwanja unaonekana kama umekatwa upande mmoja.

Ndani ya jengo hilo jipya, tarehe 8 Juni 1990, Kamerun waliifunga Argentina ya Maradona bao 1 kwa 0. Nakumbuka François Omam-Biyik alivyoruka juu kuliko mabeki wote, akapiga mpira kwa kichwa, nao ukamponyoka kipa mikononi. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka.

Hata hivyo, paa lile lilileta tatizo. Lilizuia jua na upepo, nyasi zikawa zinakufa na kupandwa upya mara kwa mara, hadi mwaka 2012 zilipochanganywa na nyuzi za plastiki ili zishike. Isitoshe, klabu zote mbili zinataka uwanja wao wenyewe wenye huduma za kisasa. Septemba 2025 baraza la mji liliidhinisha kuziuzia uwanja pamoja na eneo lake, na Novemba mauzo yakakamilika, siku chache tu kabla tabaka la pili halijatimiza miaka 70, umri ambao sheria ya Italia ingeanza kulilinda kama urithi. Mpango ni kujenga uwanja mpya pembeni, kisha kubomoa sehemu kubwa ya huu na kubakiza kipande chake.

Madai ya klabu nayaelewa, lakini sikubaliani nayo. Jengo lililokua mara tatu bila kuvunjwa lingeweza kutafutiwa njia ya nne. Na kama ni lazima kibaki kipande tu, ningeomba kiwe kona moja yenye mnara wake, njia za mwaka 1955 zikiwa bado zimeushikilia, ili mtu aweze kupanda kwa miguu hadi juu.

Nakusalimu sana,
Mama yako