Unasafirisha injini au giaboksi kutoka Kigoma? Anza na sampu

Iwe inapanda behewa kwenda Tabora na Dar es Salaam, lori linalopita Uvinza na Kaliua, au boti ya Bujumbura au Kalemie, injini iliyotolewa kwenye gari huumizwa zaidi na uzito wake yenyewe. Injini ndogo ya petroli ya silinda nne hucheza kwenye kilo 100 hadi 150. Dizeli ya silinda sita ya Land Cruiser hupita kilo 300. Ndani ya gari uzito huo hubebwa na mauntingi, yaani vishikizo vinavyoishika injini kwenye gari. Ukiitua sakafuni, unahamia kwenye sampu, bakuli lililo chini ya injini, na sampu kazi yake ni kushika oili tu.

Sampu ya bati ikibonyea, sakafu yake husogelea chujio la pampu ya oili. Pampu inakosa pa kuvuta, presha inashuka, na baada ya muda beringi za krenki (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) zinakwisha. Wakati huo injini imeshafungwa, na anayelaumiwa ni fundi aliyeifunga. Sampu ya aluminiamu haibonyei, inapasuka kabisa. Kwa hiyo, anayekuambia "ilaze tu juu ya tairi kuukuu, itafika" usimkubalie. Tairi linanesa, na kila tuta la barabarani linaigonga sampu upya.

Tengeneza paleti. Chini weka miti miwili ya inchi 4 kwa 4, juu pigilia mbao za 2 kwa 4 zilizokauka, na paleti ipite ubavu wa injini angalau sentimita 15 kila upande, kwa sababu injini ni nzito juu na hupinduka kirahisi. Simamisha vikalio vya mbao ngumu chini ya mabano ya mauntingi, kushoto na kulia, kisha kaza kwa bolti za milimita 12 zinazotokeza hadi chini ya paleti, zikiwa na washa pana na nati mbili mbili. Misumari pekee haitoshi, mtikisiko huing'oa kidogo kidogo. Upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, weka kikalio cha tatu. Ukimaliza, vidole viwili vipite kati ya sampu na mbao. Visipopita, inua vikalio.

Kwa treni, ongeza vizuizi vya mbao mbele na nyuma. Tabora ndipo njia ya Mwanza inapochepuka, na mabehewa yakishantiwa (yakisukumwa na kupangwa upya) hugongana. Mshindo huo unakwenda kwa urefu wa behewa, wala si kwa upande. Mikanda ya kukazia ipite kwenye kulabu za kunyanyulia na kushuka pembe nne za paleti. Isipite juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), manifodi wala mabomba ya nozeli. Mnyororo usiguse aluminiamu bila kipande cha mpira katikati.

Kabla ya kupanda paleti, injini ioshwe, ikauke, na imwagwe oili na maji yote. Maji ya redieta hubaki ndani ya bloku hata hozi zikiwa zimetolewa, kwa hiyo fungua plagi ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloku. Mafuta ya petroli au dizeli yasibaki kwenye filta wala kwenye mabomba. Yakivuja ndani ya behewa ni hatari ya moto, na mzigo unaonuka petroli unaweza kukataliwa.

Halafu kinga kutu. Toa plagi za kuwashia (kwa dizeli, hita au nozeli), weka oili safi isiyozidi mililita 10 kila silinda, uzungushe krenki kwa spana mizunguko miwili. Usizidishe. Oili haikandamiziki, na stata ikipigwa silinda ikiwa imejaa, koneki, mkono unaounganisha pistoni na krenki, inapinda. Sehemu za chuma zilizo wazi, kama uso wa flaiwili na ncha za shafti, paka grisi, kisha mwambie mpokeaji aifute flaiwili kabla ya kufunga klachi. Kigoma ina ushahidi wake wa kazi ya grisi: Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mashimo yote yazibwe kwa vifuniko vya plastiki au plaiwudi iliyofungwa kwa bolti. Usisokomeze matambara. Yanafyonza unyevu, na mtu husahau kuyatoa. Tabo, kama injini inayo, izibwe pande zote, pamoja na tundu lake la oili, maana punje za mchanga zinatosha kuua beringi zake. Nailoni ije mwisho, juu ya injini kavu. Ukiifunga ikiwa na unyevu, jua la mchana na baridi ya usiku huifanya itoe jasho ndani. Kama huna vipakiti vya kufyonza unyevu, acha upande wa chini wazi, na juu funika turubai, hasa kati ya Novemba na Aprili.

Giaboksi ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono) isibebwe na shafti yake ya mbele, ikalie kwenye mbao. Ya otomatiki ina hatari moja kubwa, kuchomoka kwa konveta, ile sehemu ya duara iliyo mdomoni mwake inayoiunganisha na injini. Funga ubapa wa chuma kwa bolti mbili mdomoni mwa giaboksi, uizuie konveta isisogee. Pima pia kwa rula kutoka ukingo wa mdomo hadi pale bolti za konveta zinapofungwa, uandike kipimo hicho ubavuni. Mpokeaji akikuta konveta imesogea nje, airudishe ndani kwanza. Akiilazimisha kwa kukaza bolti za giaboksi, pampu ya ndani inavunjika.

Altaneta, sensa na waya ziende kwenye boksi lake. Risiti na namba ya injini zisafiri na mzigo, nakala ubaki nazo.

Mwisho, kwenye dipstiki funga kibao kinachosema: HAINA OILI, HAINA MAJI, TOA PLAGI NA UZUNGUSHE KWA MKONO KABLA YA STATA. Kiandike kwa rangi. Wino wa kalamu hufutika.