Nilichojifunza kijiweni kuhusu mikeka

Nilipoanza bodaboda Dar es Salaam sikuwa mtu wa kubeti. Niliona ni ujinga kungoja mpira wa Ulaya uamue nyumbani kwangu tutakula nini. Miezi mitatu kijiweni ikatosha kunigeuza.

Wala hakuna aliyenishawishi. Tumezoea kuonywa kuhusu marafiki wabaya, kana kwamba wanakuja na pembe kichwani. Wenzangu walikuwa watu wema: nikipata pancha wananisaidia kusukuma, nilipofiwa walinichangia. Ila kuanzia Ijumaa jioni stori ni mikeka tu, yaani tiketi za kubeti. Nani kaweka timu gani, nani kachaniwa na goli la dakika ya tisini. Mimi nimekaa pembeni, sina la kuchangia. Buku langu la kwanza nililiweka ili na mimi niwe na la kusema.

Baadaye hata mawazo yakahama. Nikaanza kumwambia mke wangu kubeti si bahati, ni hesabu. Hesabu yenyewe ya bosi nilikuwa nimeshindwa kuipeleka siku mbili mfululizo.

Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na wa mfano. Jibu lilikuwa wazi kabisa, lakini wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kutaja mstari usio sahihi. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walilifuata kundi angalau mara moja. Kinachonigusa mimi ni hiki: akiwepo mmoja tu anayesema kweli, wanaofuata kundi wanapungua sana.

Kijiweni kwetu huyo mmoja alikuwa mzee fulani, hajawahi kubeti, hela yake inaingia kwenye kibubu. Nikaanza kuegesha pikipiki karibu naye. Basi. Hakunihubiria. Wenzetu wakishika simu, sisi tunaongelea bei ya tairi.

Kwa hiyo sikwambii uhame kijiwe, riziki iko hapo hapo. Mtafute huyo mmoja, huwa yupo, ni mkimya tu. Na lile grupu la mikeka la WhatsApp, jitoe leo. Watakutania siku mbili. Mimi waliniita Mchungaji.

Derby ya Kariakoo iliyopita nilijisahau nikaweka jero. Mkeka ukachanika kabla ya mapumziko.